Mwaka Niliovumbika Vitunguu Saumu

Habari za kifo cha fundi Seif zilinikuta nimekaa barazani kwangu Mbeya, nakunywa chai ya rangi, na jambo la kwanza nililofanya, nasema kweli ingawa si la kujivunia, ni kutafuta sababu ya kutokwenda. Goti linaniuma. Mvua za Tukuyu mwezi wa nne si za kuchezea. Mke wangu aliniuliza huyo fundi Seif ni nani kwetu, nikamjibu kwamba alikuwa fundi bati, jirani wa dada yangu Tupokigwe zamani kule Bulyaga. "Dada yule aliyefariki?" akauliza. Nikasema ndiye. Tumeoana miaka ishirini na sita na hayo ndiyo anayoyajua kuhusu dada yangu, kwamba alifariki. Hajui kwamba niliishi naye karibu mwaka mzima, wala kwamba mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Hajui pia kwa nini yeye akianza kukaanga vitunguu saumu mimi hutoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ushirika uliokuwa umeniajiri ukarani wa mizani ulikuwa umetupunguza kazini, sote kwa siku moja, kwa tangazo lililobandikwa mlangoni, kwa sababu mwaka ule makampuni binafsi ndiyo kwanza yalikuwa yameruhusiwa kununua kahawa na mizani yetu ilikuwa imebaki kupima upepo. Watu walikuwa wakisema mambo yamefunguka. Ni kweli, yalifunguka. Sabuni tulizozikosa utotoni, mafuta ya kupikia, viberiti, sukari, vyote vilijaa madukani hadi vikamwagika barazani, na sisi tukawa tunavipita tukivitazama. Dada yangu Tupoki alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, na kwa miaka mingi hakuna binti wa Tukuyu aliyeolewa bila kupitia mikononi mwake. Marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa pale sokoni, cherehani ile ilinyamaza kabla yeye mwenyewe hajaanza kuugua. Mumewe, dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mizigo Kasumulu mpakani, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, amekonda, na watu wakasema walichosema. Kwa hiyo Tupoki alipoanza kukonda naye, hakuna aliyehitaji kuuliza. "Amekanyaga waya," walisema pale bombani, kwa maana ya ugonjwa ule ambao hakuna aliyeutaja kwa jina, wala hawakupunguza sauti nilipofika na ndoo.

Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya fundi Seif. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, viti viwili na kabati lenye kioo kilichopasuka; cha ndani kilikuwa na kitanda chake na dirisha dogo lililoangalia kibanda cha jikoni. Mchana kutwa tulisikia nyundo ya fundi Seif ikigonga bati, akitengeneza majiko, makarai na koroboi, na mvua ikinyesha, nyundo na mvua zilishindana. Nililala chumba cha mbele, kwenye mkeka. Nilikuja kwa wiki mbili, kumsaidia mpaka apate nafuu. Hayo ndiyo niliyowaambia watu, na nadhani niliyaamini.

Jambo la kula ndilo lililotushinda. Kinywa chake kilikuwa kimejaa vidonda. Hospitali, ambako sasa mtu alitakiwa kuchangia hata glavu, walimpa dawa ya maji ya kumpaka, na midomo yake ikawa kama ya mtoto aliyetoka kuiba zambarau. Mama mmoja wa kanisani alikuja akakaa mlangoni, hakuingia, akanipa ushauri: nimtafunishe vitunguu saumu vibichi, punje tatu kila asubuhi, vitaua kila mdudu. Nilimpa. Nilimenya punje tatu, nikamwambia, "Dada, tafuna tu, ni dawa." Akatafuna ya kwanza, na kilio alichokitoa sitaki kukisimulia. Nilisimama pale na punje mbili mkononi nikimbembeleza ameze. Nyundo ya jirani ikakoma. Mara Mama Hadija, mke wa fundi Seif, akaingia bila kubisha hodi, mwiko bado uko mkononi.

"Kuna nini huku?"

"Nampa dawa, mama."

Akanusa. Akanishika mkono akaufungua. "Thomu mbichi? Mtu ana vidonda kinywani unampa thomu mbichi? Una wazimu, mdogo wangu?"

"Wamesema inaua wadudu."

"Itamuua yeye kwanza. Lete hizo. Njoo jikoni."

Mama Hadija alikuwa amezaliwa Tukuyu, lakini babu yake alitoka Kilwa, na kwao kitunguu saumu waliita thomu na walikitia karibu kila kitu isipokuwa chai. Alichutama mbele ya jiko letu la mkaa akanionyesha, mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayemfundisha mwenye akili timamu. Unachukua kichwa kizima, hukimenyi. Unakikata ncha kidogo juu ili punje zionekane. Unatia tone la mafuta na chembe ya chumvi. Unababua jani la mgomba motoni mpaka lilegee, unakifunga mara mbili, halafu unasukuma makaa pembeni na kukivumbika kwenye majivu. "Majivu, si makaa. Makaa yatakula nje, ndani kibaki kibichi. Na usikiharakishe. Ukikibonyeza kikabonyea kama ndizi iliyoiva, kitoe."

Vya kwanza niliviunguza. Nilivitoa vyeusi, vigumu, nikampelekea dada kwenye kisosi, naye akavitazama kwa muda kisha akasema, "Amba, umeniokea kokoto." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu nihamie pale, na alicheka kwa kuziba mdomo kwa sababu kucheka kulimuuma. Vya pili vilikuwa vibichi katikati. Vya tatu nilivitoa jioni, mvua ikiwa imepungua, nikabana kichwa kutoka upande wa mizizi, na punje zikatoka zenyewe kwenye maganda, laini, za rangi ya asali, hazina tena ule ukali wa kutoa machozi. Nikaonja. Sikuamini. Vilikuwa vitamu. Niliviponda na parachichi na chumvi kidogo, nikamlisha kwa kijiko cha chai. Akamumunya. Akafumba macho. Nikasubiri kilio.

"Kipo kingine?" akauliza.

Ndivyo nilivyokuwa mpishi. Nimesoma na kusikia watu wakisimulia jinsi walivyouguza wapendwa wao, na wote wanasema walijifunza upendo. Mimi nilijifunza kupika, na kwa muda mrefu nilidhani ni kitu kimoja. Nilivumbika vitunguu kila siku, vichwa vitatu au vinne kwa pamoja. Nilivikoroga kwenye mbalaga, ndizi zetu zile, zilizopikwa na maziwa mpaka zikawa kama uji mzito. Nilivitia kwenye maharage, nikayaponda na kuyachuja maganda. Nilivikoroga kwenye supu ya mifupa nikampa anywe kwa kikombe. Tupoki aliniongoza kutoka kitandani kupitia lile dirisha dogo, kwa maana pua yake ilikuwa imebaki nzima kuliko kitu chochote mwilini mwake. "Amba, kigeuze." "Amba, hicho tayari, unangoja nini?" Na nikikitoa nakuta ni kweli. Alinenepa kidogo. Mwezi wa sita aliweza kutoka akakaa kwenye kibanda cha jikoni, amejifunika blanketi, akaniambia namna ninavyoshika kisu ninatia aibu ukoo mzima.

Lakini harufu ilishika nyumba. Iliingia kwenye shati langu la kanisani, kwenye nywele, chini ya kucha. Nilijisugua kwa majivu na limau, haikutoka. Kwaya ilipopangwa nilijikuta nina nafasi kubwa kulia na kushoto kwangu. Binti mmoja niliyekuwa nimempania, Neema, aliniambia kwa upole kabisa, "Kaka Ambakisye, unanuka nyumba ya mgonjwa." Bombani walikuwa wameshanipa jina, nami nililisikia siku moja nikiwa nyuma ya ua: Mama Thomu. "Mwanamume mzima, kazi kuchungulia sufuria." "Mwache, mwenyewe labda anajitibu." Wakacheka. Nilisubiri mpaka waondoke ndipo nikaenda kuteka maji. Niliporudi, Tupoki aliniuliza kwa nini nimekawia, nikasema foleni.

Mama mkwe wake alikuwa akija kutoka Matwebe kila baada ya wiki moja au mbili, na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Sitaki kumsema vibaya. Maziwa yale ndiyo yaliyomweka dada yangu hai. Lakini alisimama uani, miguu yake haikuvuka kizingiti hata siku moja. Mtoto pekee wa Tupoki, binti wa miaka saba aitwaye Bahati, alikuwa anaishi kwake. Siku moja, mwezi wa nane, Tupoki alijikokota hadi mlangoni akakaa pale chini.

"Mama, Bahati hujaja naye?"

"Ana kikohosi," alisema yule bibi, akitazama pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha kulazimisha, kizito kwa Kinyakyusa. "Nitamleta wiki ijayo." Kisha akakunja pua. "Halufu gani hii? Kila nikija, halufu."

"Ni fitunguu, mama," Tupoki akamjibu, akiiga lafudhi yake, akitabasamu na midomo yake ya zambarau.

Bibi hakutabasamu. Alinigeukia mimi, akanena kwa Kinyakyusa, taratibu, kwamba mimi bado kijana, kwamba kuna wanawake wa kufanya kazi hii, kwamba ukoo wetu umeshatoa mmoja na si lazima utoe wawili. Tupoki alisikia kila neno. Bahati hakuletwa wiki ile, wala iliyofuata. Tangu siku hiyo dada yangu akaacha kuniongoza kutoka dirishani. Nilikuwa naviunguza vitunguu kwa makusudi, nikingoja anikaripie, na yeye alinyamaza akavila hivyo hivyo, au akaviacha.

Mwezi wa kumi Lusajo alikuja. Tulikuwa naye pale ushirika, kwenye mizani moja, na sasa alikuwa amevaa koti la ngozi na kuendesha pikapu ya kampuni mpya ya kahawa. Hakuingia ndani. Alinisubiri barabarani, injini inanguruma. "Wanataka karani Mbeya. Mtu anayejua mizani. Nimekutaja wewe. Jumatatu asubuhi nitakungoja pale sokoni, njoo na cheti." Nikamwambia nina mgonjwa. Akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. "Amba," akasema, "yule si mgonjwa wa kupona."

Usiku wa Jumamosi sikumwambia kitu. Jumapili jioni nilimpelekea maharage yaliyopondwa, nimeyatia kitunguu vizuri, hakikuungua, nikayaweka kwenye kijiko na kukipeleka mdomoni kwake. Aligeuza uso. Nikapeleka tena. Akayatema, nusu kwenye shuka na nusu kwenye mkono wangu.

"Unanipikia nini?" akasema. "Eti? Hunipikii mimi. Unapika ili watu waseme Ambakisye ana moyo."

"Watu wananicheka, dada! Hujui wananiitaje?"

"Najua wanavyokuita. Masikio yangu hayaumwi." Akahema. "Basi waache wakucheke vizuri. Nenda zako. Si unataka kwenda?"

Sijui alijuaje. Labda aliisikia pikapu, labda alinisoma usoni, alikuwa amenilea mgongoni. Nilisafisha shuka, nikatoka, nikakaa kwenye kibanda cha jikoni nikila yale maharage mimi mwenyewe, yote. Maneno yale niliyatunza kwa miaka mingi kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Kila nilipohitaji kujitetea niliyatoa: yeye mwenyewe alisema nenda zako.

Lakini hayakuwa maneno yake ya mwisho kwangu, na hili sijawahi kulisema. Asubuhi aliamka mtulivu. Nilimpa uji, akanywa nusu kikombe. Nilipokuwa navaa akaniita. "Vitunguu vimekwisha," akasema. "Ukipita sokoni chukua vile vidogo vya zambarau wanavyoleta akina mama wa milimani. Vikubwa vina maji." Nikasema sawa. Akasema, "Ndaga," asante, kama alivyoshukuru siku zote, kisha, "Usikawie, Amba."

Nilimwambia Mama Hadija kwamba nakwenda sokoni. Nilikwenda sokoni kweli. Nilichagua vidogo vya zambarau, mafungu mawili, mama muuzaji akaniongeza kichwa kimoja. Kisha nikavuka barabara hadi Lusajo alipokuwa ameegesha, nikapanda mbele. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba niliamua pale pale, sokoni, kwa ghafla, kama mtu aliyesukumwa. Lakini cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa ndani ya shati tangu asubuhi, nimekikunja kwenye gazeti. Nilikuwa nacho kifuani nilipokuwa nikimshika dada yangu kichwa ili anywe uji. Tulipopita Kiwira Lusajo alifungua dirisha. Hakusema kwa nini. Nilijiambia nitarudi Jumamosi. Jumamosi ilikuwa ya kwanza kazini, kulikuwa na magunia mengi. Nilituma ujumbe kwa mtu, na mtu yule hakufika.

Alifariki siku ya kumi na moja tangu niondoke. Walimzika kwetu Nkunga, na mimi nilifika kaburi limeshafukiwa, wanaume wanasawazisha udongo kwa migongo ya majembe. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, na tope jekundu lilivifunika mpaka kwenye kamba. Hakuna aliyenisema. Wajomba walinipa mkono. Bahati alikuwepo, ameshikwa na bibi yake, amevaa gauni ambalo nililitambua, Tupoki alilishona. Mama Hadija alikuwa amesimama na wanawake upande wa migomba, ametoka Tukuyu kwa miguu sehemu ya njia, kanga yake imelowa. Nikamsogelea nikamwamkia. Alinitazama, kisha akageuka kumsaidia mtu kubeba sufuria.

Hiyo ndiyo sababu nilitafuta visingizio vya goti na mvua. Lakini nilikwenda. Nilikuta karakana imefungwa, majiko matatu ambayo hayajamalizika yamepangwa ukutani, na vyumba vyetu viwili vya nyuma vimekuwa saluni. Mama Hadija alikuwa ndani, amekaa eda, kwa hiyo sikuweza kumwona. Hadija, ambaye sasa ni mama wa makamo na miwani, aliniwekea kiti kwenye ukumbi, mbele ya pazia la mlango wa chumba.

"Shikamoo, Mama Hadija. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Ahsante. Nani?"

"Ambakisye. Mdogo wake Tupoki."

Nilisikia tasbihi ikiwekwa chini nyuma ya pazia. "Umekuwa mzee," akasema mwishowe. "Sauti yako imekuwa ya mzee."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya fundi, kwamba alikuwa jirani mwema. Akasema ndiyo, alikuwa mwema. Aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba fundi ndiye aliyembeba dada yangu siku ya mwisho kumpeleka hospitali, mgongoni, kwa sababu gari lilikosekana. Hakuyasema kwa hasira. Heri angekasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejifunza na maneno ya kujibu, njia nzima kutoka Mbeya.

"Nani alimpikia?" nikauliza. "Nilipoondoka."

"Mimi. Nani mwingine?"

Hadija alipita na sinia akiwapelekea wageni wa uani. Nilimngoja apite. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nimestaafu, nimelea watoto wanne, na nikainama karibu na pazia ili wengine wasisikie.

"Aliniulizia?"

Nadhani alikuwa akipima kama aniambie, na nadhani aliona mimi si mtu wa kuhurumiwa zaidi ya alivyohurumiwa dada yangu.

"Siku ya kwanza aliuliza kutwa. Amba karudi kutoka sokoni? Nikamwambia mvua, kajikinga mahali. Siku ya pili aliuliza mara moja, asubuhi. Nikamwambia yuko jikoni. Nikampelekea ndizi, nimezitia thomu kama ulivyokuwa ukizitia wewe. Akala vijiko viwili, akasema wewe hujawahi kupika vizuri namna ile." Mama Hadija akakohoa. "Siku ya tatu hakuuliza tena. Wala chakula hakukitaka. Sikumlazimisha."